Mambo ya Nyumbani: Kuku Wanapokufa



Katika miezi hii ya kiangazi, tangu milima ya Tarime hata mbuga za Mugumu na Natta, neno tuulizwalo zaidi barazani si mvua wala karo ya shule, bali ni kuku. "Kuku wetu wamekwisha, tufanyeje?" Waulizao ni akina mama na watoto. Wanaume nao husimama kando wakitazama mahali pengine, kana kwamba neno hili haliwahusu. Basi mwezi huu tumewapa kuku ukurasa wote, na twawaomba akina baba wasiupite haraka.

Desturi ya kwetu yajulikana. Ng'ombe mmoja akifa, habari hufika katika miji yote ya jirani kabla jua halijatua. Wazee huja, huketi, huuliza ameugua nini, na mwenyewe hupewa pole kama aliyefiwa. Lakini kuku 30 wa mama wakifa katika juma moja, hapana mtu ajaye. Hufagiliwa, hutupwa kichakani, na jioni mama husonga ugali kama siku zote. Akionyesha kusikitika huambiwa, "Ni kuku tu."

Twataka kulitazama neno hilo "tu". Ni nani anunuaye chumvi na sabuni katika mji? Ni nani aletaye daftari la mtoto, na mafuta ya taa, na dawa ya kikohozi? Baba hauzi ng'ombe kwa ajili ya daftari, wala haingefaa afanye hivyo. Fedha hizo hutoka kwa kuku. Koo mmoja wa kienyeji hutaga yapata mara 3 kwa mwaka, mayai 10 hata 15 kila mara, naye huatamia siku 21. Mwewe atachukua sehemu yake, na nguchiro yake, na baridi ya usiku yake. Hata hivyo wabakio hutosha kumvika mtoto sare ya shule na kumlipia mgonjwa nauli ya kufika hospitali. Kuku kadhaa hubadilishwa kwa mbuzi, mbuzi wakizaa hubadilishwa kwa ndama. Iko miji yenye zizi kubwa leo ambayo mwanzo wake ulikuwa tenga la kuku la bibi, ijapokuwa wajukuu hawapendi kulitaja. Tena ni ajabu: kwa Wajaluo na Waganda wa zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, ingawa yeye ndiye aliyewalisha na kuwafungia usiku. Kazi ya kuku ilikuwa yake, hasara ya kuku ilikuwa yake, na nyama wakala wengine. Mwiko ule umelegea, lakini desturi ya kumwachia mama hasara peke yake bado i hai.

Sasa tuseme juu ya ugonjwa wenyewe. Kuku hufa kwa magonjwa mengi, lakini ule ufagiao banda zima ndio mdondo, na wengine huuita kideri. Kuku huacha kula, hujikunyata, manyoya husimama na mabawa hulegea. Hupumua kwa shida huku amefungua mdomo. Kinyesi huwa chepesi kama maji, tena cha rangi ya kijani. Wengine hutetemeka, wengine hupooza miguu, wengine hupinda shingo hata kichwa kikatazama mgongoni. Wako pia wasioonyesha dalili yo yote: jioni walipanda kulala wakiwa wazima, asubuhi wamelala chini. Katika kuku wasiochanjwa, mdondo waweza kuua 9 katika kila 10, na pengine wote.

Kwa sababu kifo hiki huja ghafula, watu hutafuta mkono wa mtu. Twasikia, "Jirani ametutilia sumu," au, "Yule bibi alipita akawatazama kuku wangu kwa jicho baya." Maneno ya namna hii yametenga nyumba na nyumba, na hayaponi upesi, hata vifaranga wapya wakiisha kuanguliwa. Lakini mdondo una siku zake, nazo zahesabika. Tangu kirusi cha mdondo kimwingie kuku hata aonekane mgonjwa hupita siku 2 hata 15, na mara nyingi ni 5 au 6. Basi badala ya kuuliza ni nani atuchukiaye, hesabuni siku kurudi nyuma. Juma lililopita kiliingia nini mjini? Je, ni jogoo aliyenunuliwa mnadani? Ni tenga la mchuuzi lililowekwa kivulini apate kunywa maji? Ni manyoya na matumbo ya kuku aliyeletwa kwa ajili ya wageni? Ni viatu vya jamaa aliyetoka katika mji wenye ugonjwa, naye alikuja kwa wema? Kirusi hicho husafiri katika kinyesi, katika mate, katika kisu, kamba na kikapu. Bata nao waweza kukichukua wasiugue sana. Mara nyingi hesabu hiyo haimkuti mchawi, bali humkuta mtu wa mumo humo nyumbani, aliyefurahi kwa kununua kuku kwa bei ya chini mno.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1926 ugonjwa huu ulionekana katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo katika mji wa Newcastle huko Uingereza. Ndiyo maana wataalamu wa dunia nzima huuita kwa jina la mji ule. Mwaka 1935 ulikuwa umekwisha kufika Kenya. Hapana bibi wa Nyamwaga wala wa Ikoma aliyewahi kwenda Java kuwaroga kuku wa huko.

Na dawa? Hapa yatupasa kusema wazi. Mdondo hauna dawa ya kuponya. Pilipili, majivu, mshubiri na mwarobaini tumeona vyote vikinyweshwa, na kuku wakafa wakiwa na pilipili tumboni. Vile vidonge vya wanadamu viitwavyo "rangi mbili" navyo havifai kitu hapa, kwa sababu kazi yake ni kuua bakteria, na mdondo waletwa na kirusi. Mwenye kuvinunua apata hasara mara mbili, ya kuku na ya fedha. Kuku mmoja mmoja hupona mwenyewe, ndipo dawa iliyotumika siku ile hupewa sifa isiyo yake, na mwaka ujao mtaa mzima huitafuta.

Sasa twafika penye jambo gumu. Mama mmoja alituuliza kwa sauti ndogo, wengine walipokwisha kuondoka. Katika mji wa jirani kuku walikuwa wakifa. Wake walikuwa 22, na kwa macho wote walikuwa wazima. Mnada ulikuwa kesho kutwa. Fedha za sare ya mtoto wake aingiaye sekondari zilikuwa miguuni pa kuku hao. Akasema, "Nikiwauza wote kesho kutwa kabla hawajaugua, je, nimemwibia mtu?"

Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Twajua ya kuwa watu wengi hufanya hivyo. Twajua tena ya kuwa mwenye kutoa shauri hapotezi kuku hata mmoja. Lakini tazameni yatakayofuata. Kuku wa mama huyo huenda wako katika siku ya tatu au ya nne ya hesabu tuliyoitaja. Mnadani watatiwa katika matenga pamoja na kuku wa watu wengine, wakanywa katika kopo moja. Wengine watanunuliwa na wachuuzi waendao Musoma na Mwanza, wengine watavuka Sirari, na wengine watachukuliwa na akina mama 10 wa vijiji vingine, watakaowafungulia jioni ile ile kati ya kuku wao. Baada ya juma moja, hao 10 watakuwa wakifagia mizoga, na hapana hata mmoja atakayejua ni tenga lipi lililomletea. Tofauti kati ya muuzaji na mnunuzi siku ile ni moja tu: muuzaji ajua habari za jirani, na mnunuzi hajui. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lake, nasi tulimwambia hivyo.

Basi afanyeje mtu asikiapo kuku wa jirani wanakufa? Awafungie kuku wake ndani, awape maji na chakula huko huko, wala asiwafungulie kuzurura. Asilete kuku mgeni, wala asitoe wake. Mtu asiingie bandani na viatu alivyotoka navyo njiani. Ampelekee habari bwana mifugo wa kata siku ile ile. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 nayo yamtaka mwenye mifugo afanye hivyo. Akihitaji kitoweo, aliye mzima kabisa aweza kuchinjwa, akapikwa sana na kuliwa mumo humo mjini. Damu, manyoya na matumbo vizikwe. Aliyekufa asiliwe, asitupwe kichakani, wala asipewe mbwa amburure hata kwa jirani. Azikwe katika shimo refu lisilofukuliwa na wanyama, au achomwe moto mpaka awe majivu. Baada ya kuwashika wagonjwa osheni mikono kwa sabuni wala msijifikiche macho, maana kirusi hiki chaweza kumletea mtu macho mekundu kwa siku kadhaa.

Wako wanaokimbilia chanjo wakati huo. Wamechelewa. Chanjo yataka yapata majuma 2 kujenga kinga, na kuku aliyekwisha kushikwa atakufa ingawa amechanjwa jana. Tena hutokea neno baya zaidi: mtaa wote husema, "Chanjo ndiyo iliyowaua," na miaka 5 hupita hapana mtu anayetaka kuisikia.

Mama yule hakuuza. Kuku 16 walikufa, 6 wakabaki. Hatusemi kwamba alilipwa kwa wema wake, kwa sababu hakulipwa. Sare ilinunuliwa kwa mkopo wa shemeji yake, na mtoto alianza shule siku 9 baada ya wenzake.

Na katika habari hiyo twataka kusema neno kwa akina baba. Mkeo akipoteza kuku wake, usimwambie "ni kuku tu", wala usimwulize kwa nini hakuwafungia. Kaa naye, mfanye hesabu pamoja: fedha hizi zilikuwa za nini, na sasa zitatoka wapi? Ukiweza kuuza mbuzi mmoja ili kuziba pengo, uza. Wewe mwenyewe ulikula mayai yale. Ukichimba shimo la kuwazikia kuku kwa mkono wako, watoto wako watakuona, na kazi ile itamfariji mama yao kuliko maneno mengi.

Watoto nao wasisahauliwe. Kwetu mtoto hupewa kifaranga kiwe chake, naye hukipa jina, hukifukuzia mwewe, hukihesabia miezi mpaka kitage. Mtoto huyo akimwona kuku wake amepinda shingo, kwake ni msiba, wala si mchezo. Msimdanganye kwamba amepotea porini, maana atakwenda kumtafuta. Mwambieni kweli kwamba ameugua na hatapona, na kama mwaona kuku anateseka, baba na amchinje upesi mahali pasipo watoto. Kisha mwacheni mtoto aseme anachotaka kusema. Mtoto mmoja wa Issenye alitaka kuku wake azikwe peke yake chini ya mgomba, si pamoja na wengine; babaye alikubali, nasi twaona alifanya vema. Kisha mtoto yule alipewa kazi ya kumtunza koo mmoja aliyepona.

Juu ya kuanza tena, haraka ndiyo iletayo hasara ya pili. Tangu alipokufa kuku wa mwisho, ngojeni mwezi mzima. Banda lifagiliwe, takataka na viota vya zamani vichomwe, sakafu na kuta zipakwe chokaa, mlango uachwe wazi mchana kutwa jua liingie. Vyombo vya maji vioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Kisha anzeni na wachache, koo 3 au 4 na jogoo mmoja, kutoka kwa mtu mnayemjua na mnayeweza kumwuliza, "Je, wamechanjwa lini?" Kuku mgeni akae mbali na wengine siku 14. Waliopona msiwachinje kwa hofu. Wana kinga kwa muda, nao wajua kujitafutia chakula, ila wasiuzwe wala kuazimwa mpaka mwezi ule upite.

Sasa twaja kwenye chanjo, nayo ndiyo kinga pekee ya kutumainiwa. Kwa kijijini iliyo bora ni ile iitwayo I-2. Mbegu yake ilitayarishwa Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, kwa kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake, ikatolewa bila malipo kwa nchi zilizotaka kujitengenezea. Kwetu ilitengenezwa kwanza katika maabara ya Temeke, Dar es Salaam, na kutokana na Temeke yakaja madukani majina ya TEMEVAC. Leo kazi hiyo ni ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, iliyoanza mwaka 2012, nayo ina kiwanda chake Kibaha. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto. Chanjo nyingine huharibika mara zikikosa barafu. Hii, ikiwa bado unga mkavu katika chupa yake na ikiwekwa gizani, yaweza kukaa majuma kadhaa bila jokofu. Hata hivyo isiachwe juani juu ya pikipiki. Ifungwe katika kitambaa chenye majimaji, kikapuni, na kupelekwa upesi.

Chupa moja yatosha kuku wengi kuliko walio nao watu wa nyumba moja, na ikiisha kuchanganywa haikai siku nyingi. Kwa hiyo anayechanja peke yake humwaga sehemu kubwa, na wanaochanja pamoja hulipa kidogo sana kwa kila kuku. Lakini iko sababu kubwa zaidi ya kuchanja pamoja, na watu wa Serengeti waijua kwa macho yao. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote, na wazee walisimuliwa na wazee wao njaa iliyofuata. Sotoka ile iliua pia nyati na nyumbu. Ng'ombe wa pembeni mwa mbuga walipochanjwa, hasa katika miaka ya 1950, ugonjwa ukakoma kwa nyumbu pia, ambao hapana mtu aliyewachoma sindano hata mmoja. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa yapata 250,000. Kabla ya mwaka 1980 walikuwa wamezidi 1,000,000. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Mdondo hautakwisha namna hiyo upesi, kwa sababu una ndege wengi wa kujificha ndani yao. Lakini mtaa uliochanja kuku wake wote hauupi mdondo mahali pa kukanyaga, na mtaa uliochanja nusu waulisha.

Kinga yake hudumu yapata miezi 3. Chagueni basi miezi yenu, kwa mfano Januari, Aprili, Julai na Oktoba, mkaiandike ukutani, ili kiangazi kisiwakute kuku hawana kinga. Vifaranga nao huchanjwa, kwa kipimo kile kile cha mkubwa. Mgonjwa asichanjwe. Wala chanjo hii haizuii ndui ya kuku, iletayo vinundu usoni na kilembani, wala mafua, wala kuhara damu kwa vifaranga walalao penye unyevu. Magonjwa hayo yana njia zake, nasi tutayasema mwezi mwingine.

Siku ya kuchanja, kuku wasifunguliwe asubuhi. Washikwe wangali ndani, maana mwenye kuwakimbiza uani atachoka kabla hajamaliza nusu. Yafaa kazi wapewe watoto, kwa sababu wao ndio wawajuao kuku wote, hata walalao juu ya mti. Mmoja ashike kuku ubavuni kwa mikono miwili, amlaze kidogo hata jicho moja litazame juu. Mwenye chupa aielekeze chini wima bila kuligusa jicho, aminye polepole, tone 1 lishuke. Jicho moja latosha. Kuku asiachiliwe hapo hapo, kwa maana atatikisa kichwa na tone litaruka. Ashikwe vivyo hivyo mpaka akope, ndipo aletwe wa pili.